Kagueni Wembe Kabla ya Kulaumu Kitanda

Salamu kwenu mlio Kashikishi, sokoni na kwenye mitumbwi, mlio Nchelenge mjini, mlio Chiengi, mlio visiwani, Kilwa na Isokwe, ndugu zetu wa Mantapala mliokimbia vita vya Kongo, na nyinyi wachuuzi wa samaki mnaovuka Ziwa Mweru kwenda Pweto na kurudi. Kiswahili chenu ndicho kinachotupa sababu ya kuongea lugha hii kwenye ufuko wa watu wanaosema Kibemba.

Leo sitazunguka mbuyu. Nazungumzia homa ya ini, ile ya aina ya C, na swali ambalo wanandoa huulizana ama kwa kunong'ona, ama kwa kelele za kuamsha majirani: ugonjwa huu umeingiaje ndani ya nyumba hii?

Tuseme mume amekwenda kutoa damu. Nchini Zambia damu ya msaada hupimwa mambo manne kabla haijapewa mgonjwa: VVU, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Baada ya muda anaitwa, anakalishwa kwenye benchi, anaambiwa kwamba damu yake haitatumika kwa sababu ina dalili za homa ya ini C. Anarudi nyumbani na karatasi mfukoni, kimya. Mke anaikuta siku ya kufua. Basi kuanzia hapo ugonjwa husahaulika, kinachotafutwa ni mwanamke. Ni nani? Ni yule wa kule kambini, au ni yule wa ng'ambo? Wazee wa pande mbili wanaitwa, maneno ya miaka kumi iliyopita yanafukuliwa, na ndoa inayumba kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna aliyeisoma vizuri. Mambo yakigeuka, karatasi ikawa ya mke, hali huwa mbaya zaidi. Mara nyingi hata wazee hawasubiriwi. Mwanamke anafungishwa virago.

Sasa nisikilizeni. Karatasi ile haisemi lolote kuhusu mwanamke mwingine, wala mwanamume mwingine. Homa ya ini C huambukizwa damu inapokutana na damu. Kitandani, kati ya mume na mke ambao ni wa siku zote, huambukizwa kwa nadra sana. Sisemi hivyo ili kuwafariji. Jambo hili limechunguzwa, tena kwa miaka.

Kaskazini mwa California, Marekani, watafiti wakiongozwa na Daktari Norah Terrault walichunguza jozi 500 za wenzi. Katika kila jozi mmoja alikuwa na virusi vya C na hana VVU, na wote wawili walisema hawatoki nje. Nusu yao walikuwa wameishi pamoja kwa miaka 15 au zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Katika wenzi wale 500, 20 walionekana kuwa nao wameambukizwa. Hapo mtu mwenye haraka atasema, haya, si mmeona? Lakini watafiti hawakuishia hapo. Walivilinganisha virusi vya mume na vya mke, kwa sababu virusi hivi vina aina na nasaba, na mtaalamu wa maabara anaweza kujua kama hivi vimetokana na vile. Baadhi ya wale 20 walikuwa na virusi visivyohusiana na vya wenzao. Hao kila mmoja alivipata kwa njia yake. Jozi ambazo virusi vyake vilikuwa vya nasaba moja zilikuwa tatu tu.

Wakapiga hesabu. Kwa wenzi wa namna hiyo, hatari haizidi maambukizi mamoja katika tendo la ndoa mara 190,000. Tuifanye hesabu hiyo iwe ya nyumbani. Mume na mke wanaokutana mara tatu kwa wiki hufikisha mara 156 kwa mwaka. Ili wafikishe 190,000 wangehitaji kuishi zaidi ya miaka 1,200. Na Italia nako, utafiti uliotolewa mwaka 2004 uliwafuatilia wenzi 895 kwa miaka 10. Watatu waliambukizwa, na hakuna hata mmoja aliyethibitishwa kuwa alivipata virusi kwa mwenziwe wa ndani.

Kwa nini iwe hivyo, wakati VVU vinapita kitandani kila siku? Virusi vya C makao yake ni ini, na njia yake ni damu. Kwenye shahawa na majimaji ya ukeni vinaweza kuonekana, lakini huwa vichache mno, na haviwezi kupenya kwa urahisi kwenye ngozi laini isiyo na jeraha. Vikikosa damu, vimekwama. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kuvipata kwa kula nshima kwenye sahani moja na mgonjwa, kwa kikombe chake, kwa kumkumbatia, kwa busu, wala kwa mbu anayetuuma usiku kucha hapa Nchelenge.

Hata hivyo, nadra si sawa na haiwezekani. Kuna nafasi ambazo mlango hufunguka, na zote zinahusu damu: wakati wa hedhi, mahali penye vidonda vya magonjwa ya zinaa, na ngono ya kuumizana au ya njia ya haja kubwa, ambako ngozi huchanika kwa urahisi. Tena mtu mwenye VVU hatari yake ni kubwa zaidi, kuambukizwa na kuambukiza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika miji ya Ulaya, virusi vya C vimeenea kwa njia ya ngono miongoni mwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume wenzao, hasa wale wenye VVU. Na hapa kwetu VVU si habari za mbali. Nchini Zambia, kati ya watu wazima 10, mmoja hivi anaishi navyo. Ziwa letu lina makambi ya wavuvi, lina wasafiri wa samaki wanaolala huku na huko, lina wanaume wanaokaa visiwani majuma mengi mbali na wake zao. Mwenye mpenzi zaidi ya mmoja, au asiyejua hali yake ya VVU, huyo hesabu ya miaka 1,200 haimhusu. Yeye neno lake ni kondomu.

Lakini wanandoa wawili waliotulia, mmoja ana C na hakuna mwenye VVU, madaktari hawawalazimishi kutumia kondomu maisha yao yote. Wanachowaambia ni kutochangia vitu vinavyogusa damu: wembe, mashine ya kunyolea, mswaki, kikata kucha, sindano. Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana hapa ndipo penye mambo yetu.

Watu wazima mtanivumilia. Katika mila za Kibemba na za majirani wao, banachimbusa humfunda binti kabla hajaolewa, kama kungwi au somo anavyofanya kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Moja ya mafunzo yanayojulikana Zambia nzima ni kunyoana. Mke humnyoa mume sehemu za siri, na mume humnyoa mke. Ni heshima, ni mapenzi, na mimi siingii kuibeza. Nauliza kuhusu chombo. Unanunuliwa wembe mmoja, ule wa makali mawili. Unavunjwa katikati kwa vidole, ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Nusu inatumika leo. Ananyolewa mmoja, kisha mwingine, kwa makali yaleyale, mahali ambapo ngozi ni laini na hukwanguka bila hata mtu kuhisi. Halafu wembe unapanguswa, unafungwa ndani ya karatasi, unachomekwa kwenye mwanya wa ukuta au chini ya bati, unangoja mwezi ujao.

Wataalamu wa maabara wamepima virusi vya C vinavyokaa nje ya mwili. Vikiwa ndani ya tone la damu lililokauka juu ya kitu, katika joto la kawaida la chumba, vinaweza kubaki na uwezo wa kuambukiza hadi wiki sita. Wiki sita, wasikilizaji. Basi mume na mke wanaweza kulala pamoja miaka 30 bila tendo la ndoa kuwapitishia chochote, kisha wakapeana virusi kwa wembe uliokuwa unangoja ukutani. Na wazee wakiitwa watauliza habari za kitanda. Wembe hakuna atakayeutaja.

Dawa ya jambo hili haimgombanishi mtu na mila yake. Nyoaneni. Ila kila mmoja awe na wembe wake, nao ukishatumika utupwe chooni. Bei ya wembe haifiki hata bei ya fungu la dagaa wa chisense. Ninawaomba banachimbusa, nyinyi mnaosikilizwa kuliko daktari, mliongeze hilo kwenye mafunzo: nyembe mbili, si mmoja.

Tutoke chumbani twende barabarani. Simama dakika chache kwenye kibanda cha kinyozi pale wanaposhukia wavuvi. Kuna kiti kimoja, kioo kilichopasuka, mashine moja. Kichwa cha kwanza, cha pili, cha tano. Kwenye kisogo, pale nywele zinapoishia, meno ya mashine hugusa kichunusi, kinatoka kitone cha damu kisichozidi kichwa cha kiberiti. Kinyozi anakifuta kwa kitambaa, anapuliza mashine, anamwita anayefuata. Kitambaa ni kilekile. Hana nia mbaya, anatafuta riziki, na hakuna aliyemwambia kwamba kupuliza hakuui kitu. Mwambieni asafishe meno ya mashine, ayaloweke kwenye dawa ya klorini kabla ya kichwa kingine, au mwende na nyembe zenu.

Nenda kwa mganga. Chale kumi kifuani kwa mgonjwa, wembe uleule kwa ndugu zake ili kuwakinga. Nenda kwenye duka la dawa lisilo na kibali, ambako mtu mwenye homa, na homa hapa Nchelenge hazikosekani kwa sababu ya malaria, anadai achomwe sindano kwa kuwa anaamini vidonge havina nguvu. Sindano isiyotolewa kwenye pakiti mbele ya macho yako, usikubali ikuingie mwilini.

Nayasema haya nikijua yaliyowapata wenzetu wa Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, serikali ya huko ilifanya kampeni kubwa ya kutibu kichocho kwa sindano. Kusudi lilikuwa jema kabisa, maana kichocho kilikuwa kikiwamaliza wakulima wa mto Nile. Lakini sindano zilikuwa chache, watu walikuwa wengi, na sindano zilizochemshwa kwa haraka zilipita mkono hadi mkono. Virusi vya C wakati ule hata havikuwa vimejulikana. Vilitambuliwa mwaka 1989. Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani, na mwaka 2008 uchunguzi wa taifa ulikuta kwamba watu wazima karibu 15 katika kila 100 walikuwa wamekutana na virusi hivyo. Mamilioni ya wanandoa. Je, wote hao walikuwa wazinzi? Miongoni mwao walikuwamo watu waliopangwa mstari kuchomwa sindano.

Sisi wa Mweru kichocho tunakijua vizuri, maji yetu yanacho. Bahati yetu ni kwamba siku hizi kinatibiwa kwa vidonge. Lakini funzo la Misri linabaki. Mtu anayeonekana na C leo anaweza kuwa aliipata kwa sindano ya utotoni, kwa damu aliyoongezewa kabla vipimo havijakuwapo, au kwa chale za bibi yake. Virusi hivi hukaa mwilini miaka 20 hata 30 bila dalili yoyote. Ugonjwa unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yenyewe.

Sasa kuna jambo moja ambalo nisipolisema nitakuwa nimewapotosha. Nimesema C hupita kitandani kwa nadra sana. Lakini homa ya ini si moja. B na C ni kama ndugu wa tumbo moja wasiofanana tabia. Homa ya ini B hupita kitandani, tena kwa urahisi. Hupita kwenye shahawa, kwenye majimaji ya ukeni, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Na kwa Zambia, B ndiyo iliyo nyingi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 ulikuta kwamba watu wazima kati ya watano na sita katika kila 100 wanayo. C ni chache zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia "nina homa ya ini", mwulize herufi. Mkiambiwa kliniki, ulizeni herufi na mwandikiwe.

Ikiwa ni B, mwenzi apimwe haraka. Akiwa hana, achanjwe, maana B ina chanjo. Watoto wetu huipata ndani ya ile chanjo ya tano kwa moja, ambayo Zambia ilianza kuitoa mwaka 2005. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi wetu hatukuipata. Na kwa wale wanaotumia dawa za VVU zenye tenofovir, dawa hiyohiyo huvizuia virusi vya B pia. Ndiyo maana mwenye vyote viwili akiziacha ghafla ini linaweza kuwaka moto. Asiache bila daktari.

Ikiwa ni C, hakuna chanjo, lakini kuna jambo zuri kuliko chanjo. C inapona. Sikusema inatulizwa, nimesema inapona, virusi vinaondoka mwilini. Ni vidonge vya kumeza kila siku kwa wiki 12, sofosbuvir pamoja na daclatasvir, na katika wagonjwa 100 zaidi ya 95 hupona. Sofosbuvir ilipotoka Marekani mwishoni mwa 2013, dozi nzima ilikuwa dola 84,000. Leo, kwa dawa zinazotengenezwa na viwanda vingine kwa leseni, nchi maskini zinaweza kununua dozi nzima kwa dola 60 hivi. Misri ilipima watu wake karibu milioni 50 kati ya 2018 na 2019, ikawatibu, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kwa hatua zake kuelekea kuutokomeza ugonjwa huo. Rwanda, nchi ya Afrika Mashariki, ilitangaza mpango wake wa kuutokomeza Desemba 2018. Ndugu wa Mantapala, na wa Zambia, nanyi mna haki ya kuwauliza viongozi wenu wa afya: vipimo na vidonge hivi vinapatikana wapi, na lini vitafika wilayani?

Na kabla ya kuogopa, elewa vipimo. Kile cha kwanza, cha tone la damu kidoleni, huonyesha kingamwili, yaani kwamba mwili wako uliwahi kukutana na virusi. Hakisemi kwamba bado viko. Katika watu 100 walioambukizwa, kati ya 15 na 45 huvifukuza wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa. Lazima kipimo cha pili kitafute virusi vyenyewe ndani ya damu. Ile karatasi iliyokutwa kwenye mfuko wa suruali siku ya kufua pengine ni ya kipimo cha kwanza tu. Nyumba inabomolewa kwa jibu la nusu.

Najua kuna mama anayenisikiliza anayenyonyesha na mwenye C. Endelea kunyonyesha, maziwa hayana hatari, ila chuchu zikipasuka na kutoa damu simamisha kidogo hadi zipone. Wakati wa ujauzito na uzazi, katika watoto 100 wa mama wenye C, watano au sita ndio huambukizwa. Mama akiwa na VVU idadi hiyo hupanda. Mwambie mkunga mapema, na mtoto apimwe baadaye kwa ratiba atakayopewa.

Waliotutangulia walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mtu haonyeshi maradhi yake penye watu waliokwisha kumhukumu. Wanaume, mke wako akija na karatasi yenye C, usiulize alikuwa na nani. Uliza kipimo cha pili kinafanyika lini, na umsindikize. Wanawake, vivyo hivyo. Zambia imewazoesha wanandoa tangu miaka ya 1990 kupimwa VVU pamoja, kukaa chumba kimoja na mshauri mmoja na kusikia majibu kwa pamoja. Hospitali ya St. Paul's iko hapa Kashikishi, vituo vya afya viko. Nendeni wawili. Mkienda, pimweni vyote vitatu kama vipimo vipo: VVU, B na C.

Na leo jioni, kabla hamjalala, kila mmoja atafute wembe aliouchomeka ukutani, autupe chooni. Kesho nunueni nyembe mbili.